Picha ya Kulia ya Bwana Pujol

Nyumbani kwa Ghislaine Cazalbou, mjini Toulouse, hakuna kitu kinachokaa kwa raha. Sanduku lake la safari hushindiliwa hadi soksi zikalala ndani ya viatu, na viatu ndani ya sufuria. Akikusimulia sinema ya saa mbili, inaisha kabla kahawa haijapoa. "Mengine yote ungeyakisia mwenyewe," atakwambia.

Na kazini je? Kulekule kushindilia! Setilaiti inayopiga picha za dunia hupita juu ya antena kwa dakika chache tu, kisha huzama upande wa pili, na ndani ya dakika hizo inatakiwa iteremshe kila ilichokiona. Haiwezekani, picha ni nyingi mno. Kwa hiyo hubanwa hukohuko juu: penye bahari tupu inasema "hapa bahari" na kusonga mbele, penye mji inaeleza kwa makini. Ghislaine alikuwa ametunga njia yake ya kubana kwa ajili ya setilaiti mpya, na kwa miaka alilala nayo na kuamka nayo.

Kikwazo kilibaki kimoja, tena chenye masharubu: Anselme Pujol, msomaji wa picha. Asipokubali yeye, setilaiti ingeruka na njia ya zamani, na ya Ghislaine ingeozea kabatini.

Mtihani ulikuwa hivi: picha mbili kwenye skrini, moja nzima, moja iliyobanwa. Msomaji haambiwi ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, umepita. Pujol hakushindwa hata siku moja.

"Ya kulia," angesema akifuta miwani. "Mapaa yameyeyuka kama jibini. Umenipikia supu, bibie."

"Mapaa gani? Huo ni mto!"

"Basi na mto umeyeyuka."

Ghislaine alirudi mezani kwake amenuna, akitafuna lile andazi la chokoleti ambalo Toulouse wana jina lao, na husema watu wa Paris hulikosea, huku akipitia majibu ya nyuma. Ya kulia. Ya kulia. Tena ya kulia. Ghafla akacheka mpaka makombo yakamtoka. Kumbe mkosaji ni yeye! Kila mara alikuwa akifungua picha nzima kwanza, na kompyuta huiweka ya kwanza kushoto; iliyobanwa ikawa kulia daima, na Pujol hakuhitaji hata kutazama.

Mtihani uliofuata akaweka picha ileile iliyobanwa, kushoto na kulia. Ofisi nzima ikazuka mlangoni, kila mmoja na kisingizio chake.

Pujol akainama. "Kulia. Aibu tupu! Tazama kushoto kulivyo safi, hata paka juu ya paa namwona."

"Paka mwenyewe yukoje?"

"Mnono."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia kawa tambara."

"Bwana Pujol, ni paka mmoja. Zote mbili nimezibana."

Watu waliangua kicheko. Masharubu yakacheza kidogo, lakini Pujol hakuondoka. Akavuta kiti.

"Haya, mtundu wewe. Niwekee mashamba ya mizabibu ya Gaillac. Changanya unavyotaka, mimi nageuka ukutani."

Safari hii alivua miwani, pua ikakaribia kugusa skrini. "Ya kushoto. Mistari ya mizabibu iko wapi? Umeifanya uji."

Ghislaine akachungulia. Kweli, mistari ile myembamba ilikuwa imetupwa kama takataka. Moyo ukamshuka.

"Umeona kweli, mzee."

"Leo ndiyo umenipa kazi. Zamani ulikuwa unanipa likizo."

"Kumbe ulijua?"

"Mimi? Skrini yako ina mwanga mbaya upande wa kulia."

Ghislaine akabaki anaumiza kichwa: nafasi ya mizabibu ataitoa wapi? Mwishowe akaikuta mawinguni. Njia yake ilikuwa inachora kila kikunjo cha wingu, kitu ambacho hakuna anayekisoma! Akayanyima mawingu, akailisha mizabibu.

Kwenye mtihani mpya Pujol alikodoa macho, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akaomba maji, akayanywa yote.

"Sioni tofauti," akanung'unika.

Setilaiti ikaruka na njia ya Ghislaine. Picha ya kwanza ilipoteremka aliileta mbio, akaitandaza katikati ya skrini, moja, peke yake. Pujol akaitazama kwa makini.

"Ya kulia," akasema, "imeyeyuka."