Maji ya Paa Langu na Mkarafuu wa Mkwe

Alama nyekundu waliyoupaka msingi wangu ilikuwa kubwa, wallahi mtu aliyeko sokoni Konde angeiona bila ya kunyanyua shingo. Siku hiyo nilikuwa na chepe mkononi, nachanganya saruji na kuimba. Mawe ya msingi yameshalala, kona zimenyooka, nangojea matofali tu. Ikaja gari ya ofisi ya ujenzi, akashuka binti mwenye buti na kofia ngumu. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akaniuliza kibali kiko wapi. Nikamwambia kiko njiani, chaja. Akaniuliza jengine, na hilo ndilo lililonitia homa.

"Mzee, nyumba hii ikiezekwa, maji ya paa yatakwenda wapi?"

"Chini, mwanangu. Sijayaona yakipanda."

Aliteremka kilima taratibu, akiifuata njia ambayo maji yangeifuata, mpaka akafika kwenye ukuta wa udongo wa jiko la mama mkwe wangu. Akauwekea kiganja. Aliporudi alisema nami kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kama angenifokea. Nyumba ya bati pana kama ile, juu ya kilima kama kile, itaimwagia nyumba ya chini maji yote. Nichimbe mtaro mpaka kwenye mfereji wa barabara, naye aje auone kwa macho yake kabla ya masika kushika. Nisipochimba, kibali hakuna na msingi utavunjwa, ndiyo maana ya alama ile nyekundu.

Nilicheka mpaka gari ilipopotea. Kisha nikakaa juu ya msingi wangu.

Maana mawe yale ndiyo nyumba yangu yote. Mie na mke wangu na watoto tulikuwa tumejazana chumba kimoja cha uani kwa mama yake, chumba ambacho mmoja akitaka kupiga chafya lazima mwengine atoke nje. Msingi ukivunjwa, sina wa pili.

Na mtaro hauna pa kupita. Upande wa kulia kuna jabali, ukilipiga nyundo, inayolia ni nyundo. Chini ndiko kwa mkwe. Umebakia upande wa kushoto, na huko umesimama mkarafuu. Kwetu Pemba ardhi yaweza kuwa yako na mti ukawa wa mtu mwengine. Kiwanja kile nilikipata kwa shemegi yangu, tukapeana mkono mbele ya sheha, lakini mkarafuu haukuwamo katika mapatano. Ule ni wa mama yao, aliupanda marehemu mumewe. Tena mkarafuu si mchungwa, ukiuua bila ya ruhusa utaitwa na serikali. Na mie, kabla serikali haijaniita, ningeshaitwa na mwenyewe.

Sasa kumwomba mkwe. Mie natania na kila mtu, nimewahi kumchekesha mtu anang'olewa jino, na daktari akacheka naye, jino likatoka lenyewe. Lakini kwa mama mkwe mtu hukaa kwa adabu, macho chini, maneno machache. Nikamtuma mke wangu, ndivyo ifanywavyo. Alirudi upesi mno. Mama yake kasema habari ya mti haitumiwi mjumbe.

Nikenda baada ya alasiri, nikakaa pembeni ya jamvi. Nikamweleza habari ya ofisi, paa, mfereji wa barabara, na jiko lake litakavyolowa. Nikazidisha kidogo, nikasema masika yale maji yatambeba mbuzi wake mpaka Mtambile, naye atashukia huko kama abiria. Alinitazama mpaka kahawa aliyonimiminia ikapoa kikombeni.

"Wataka mti wangu?"

"La, mama. Nataka njia pembeni yake."

"Basi chimba. Mie nitakaa."

Na kweli alikaa. Alileta kibao chake, akakitua karibu na shina, akafungua mwavuli, na kila nikinyanyua sururu namwona. Sijapata kuchimba vile. Nilichimba kama mtu anayemkuna mtoto mchanga. Huko kwenye mabonde ya mpunga mawingu yalikuwa yamepanda, meusi kama masufuria ya shughuli, na upepo ulikuwa umesita kabisa. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa jiko, anapepeta mchele ambao ulishapepetwa zamani.

Sururu ikagota. Si jiwe. Nikapangua udongo kwa mikono, nikauona mzizi, mnene kuliko paja langu, umelala katikati kabisa ya njia yangu.

Mama mkwe aliinuka. Aliufunga mwavuli, akachuchumaa kwenye shimo, akaupapasa mzizi ule toka mwanzo mpaka ulipozama. Mie nimesimama, jasho lanidondoka. Mzizi ukikatwa, mti waweza kufa. Usipokatwa, mtaro hauendi. Kupita chini yake kuna jabali, lile lile limetambaa mpaka huku.

"Mtaro wako umeishia hapa," alisema.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, na nyumba yangu je? Akanyoosha mwavuli juu ya kilima, kwenye kona ya msingi.

"Kile chumba gani?"

"Ukumbi, mama."

Ukumbi wangu. Nilikuwa nimeshapanga nitakapokaa, watu watakapokaa, na kahawa itakapopitia. Akasema mti una umri wa mwanawe na hausogei, lakini mawe yangu hayajamaliza hata mwezi pale. Niuvunje ukumbi, mtaro upite hapo na uuzunguke mti kwa mbali.

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia kiwanja ni changu, nikaling'ata neno. Ngurumo ikapiga upande wa Kiuyu. Mke wangu akauweka ungo chini, akapanda kilima bila ya kutazama mtu, akaichukua sururu mkononi mwangu, akaenda kwenye kona ya ukumbi akang'oa jiwe la kwanza. Kisha akanirudishia sururu.

"Mie nataka vyumba vya kulala," alisema. "Baraza utakwenda za watu, kama siku zote."

Nikavunja, nikachimba njia mpya mpaka kwenye mfereji wa barabara. Na mvua ikatukuta papo hapo, hata mtaro haujapindika sawasawa. Mvua ya kwetu hainyeshi, humwagwa, na siku ile aliyekuwa akimwaga alikuwa na hasira. Maji yakaja mekundu, yakaijia kona ya mtaro kwa kishindo, yakataka kuruka kwenda jikoni. Tukayatilia mawe. Mie nabeba, mke wangu apanga, na mama mkwe, kanga imemganda mwilini, asimama katikati ya maji akizuia kwa jembe. Jiwe moja likang'oka, maji yakamfika magotini, yakateremka mpaka nikayaona yaulamba ukuta wa jiko. Nikalikalia lile pengo mwenyewe, matako yangu ndiyo yakawa ukuta. Mke wangu akanizungushia mawe kama anayejenga jiko la mafiga.

Maji yakapinda. Yakaupita mkarafuu kwa mbali, yakaenda zake barabarani.

Gari ya ofisi ilikuja mvua ikiwa bado haijakatika. Yule binti alishuka na buti zake, akaufuata mtaro toka juu mpaka chini, akasimama penye mfereji wa barabara muda mrefu, akarudi akauwekea ukuta wa jiko kiganja. Sijui alikuwa akisoma nini pale. Mie nimeganda kwenye pengo langu, siwezi hata kuinuka kumwamkia.

Mama mkwe ndiye aliyemkabili.

"Mwandikie kibali, mwanangu. Nimechoka kumlisha."

Binti akasema ataandika, lakini kona ile ijengwe kwa mawe na saruji kwanza, si kwa mzee. Atarudi kuiangalia. Basi tukaanza kuyabeba mawe ya ukumbi, moja moja, kuyateremsha kwenye kona, na mama mkwe akielekeza kwa mwavuli lipi likae wapi.