Mashimo ya Mizambarau

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Nilifika mapema, nimevaa shati la kuazima, jembe langu la kutoka Magu likiwa begani, nikidhani nitasifiwa. Msimamizi wa Bustani, mtu mfupi aliyezoea kuongea huku anatazama mawingu, aliliangalia jembe kwanza, mimi baadaye.

"Unataka kuchimba wapi?"

"Popote utakaponionyesha, mzee."

"Mimi sionyeshi. Maji ndiyo yanaonyesha. Mvua ikianza kunyesha, ndiyo uje."

Vijana mnaosoma haya mtacheka, na mimi nilicheka, lakini nilicheka nikiwa nimefika mbali asinisikie. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda miti ya barabarani inayochuja maji ya mvua kabla hayajaingia ziwani. Mwanza yetu mnaijua, ni vilima na mawe. Mvua ikipiga, maji hayana pa kuzama. Yanateremka na oili ya gereji, mavi ya mbuzi na mifuko, na vyote vinaishia kwenye ziwa lile lile tunalolinywa.

Kwa hiyo mti wetu haukupandwa juu ya tuta kama mti wa uani. Ulikaa ndani ya shimo lililo chini ya usawa wa barabara. Chini kabisa tulimwaga kokoto, juu yake mchanga, halafu mchanga uliochanganywa na mboji. Kwenye ukingo wa zege tulikata uwazi tuliouita mdomo, maji yaingilie hapo. Taka na matope hubaki juu, mizizi hunywa sehemu yake, na maji yaliyochujika hutoka polepole kupitia bomba lenye matundu tulilolilaza kwenye kokoto. Tulipenda mizambarau, kwa sababu mzambarau huvumilia miguu kulowa masika na kukauka kiangazi.

Lakini mdomo ukiukata mahali pasipo pake, maji yanaupita tu. Ndiyo maana tulitembea na mvua. Watu wote wakikimbilia chini ya mabati, wewe unatoka katikati ya barabara na mfuko wa pumba za mpunga. Unarusha konzi moja juu ya maji, kisha unazifuata pumba zinavyokwenda, unatia alama zinapojikusanya. Watu waliniita mwehu, wengine wakasema naroga mvua. Ni kazi ya upweke. Hakuna anayesimama kuzungumza nawe kwenye mvua.

Baadaye nilihamishiwa Misungwi kutunza kitalu cha miche. Huko mke wangu alifariki, tukiwa hatujajaliwa mtoto. Niliporudishwa mjini nilipanga chumba Nyakato, kati ya vijana wa viwandani wanaoingia zamu na kutoka zamu. Wengi sikuwahi kuyajua majina yao, na wao hawakulijua langu.

Ndipo nilipopewa mtaa mmoja unaoshuka kutoka mlimani hadi ziwani. Katika nyumba ya mwisho, yenye shimo la mwisho mbele yake, aliishi Mama Kabula, fundi cherehani aliyenizidi umri kiasi cha kuwa dada yangu mkubwa sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelowa tena? Njoo unywe chai kabla hujaota uyoga."

Alinipa chai na viazi vya kuchemsha, akalishona koti langu lilipochanika, akanitania bila huruma. Mji mzima, yeye peke yake ndiye angeuliza kama nisingeonekana. Nilimpenda kama ndugu, na nasema hivyo bila aibu.

Kisha binti yake Kabula akachumbiwa. Wakwe walipokaribia kuja, mama alilitazama shimo lile la mzambarau mbele ya nyumba yake akaona aibu. Kwetu ukiupenda mti unauinulia udongo, unauzungushia mawe, unayapaka chokaa. Shimo wazi mlangoni linaonekana kama kazi iliyomshinda mtu. Akaagiza udongo, likajazwa hadi juu, mawe meupe yakapangwa, na maua yakapandwa. Kwa kweli palipendeza. Sikumwambia kitu, kwa kuwa mvua zilikuwa bado na wageni walikuwa njiani.

Wageni walikuja wakala, wakafurahi na kuondoka. Wiki hiyo hiyo mvua ikanyesha. Maji yalilipita tuta la Mama Kabula moja kwa moja hadi mwaloni, pale ufukweni mashua zinapotia nanga, yakamwaga tope la oili juu ya dagaa walioanikwa na akina mama. Walipanda juu na masufuria ya dagaa weusi, wanalia. Mhandisi wa Mitaro alifika, akalitazama lile tuta.

"Kesho maji yaingie hapa," alisema. "Zungumza na mwenye nyumba. Wewe anakusikia."

Nikaenda barazani.

"Mama, huu udongo itabidi niutoe. Maua na mawe nitakupangia kando ya baraza."

"Wakwe zangu wamepiga picha hapo."

"Najua, mama. Lakini maji yakikosa pa kuingia..."

"Maji, maji! Huna mtu wewe, ndiyo maana umeoa maji." Akasimamisha cherehani. "Haya, fukua. Ukimaliza, usinisalimie tena."

Nilifukua. Niliyahamisha maua kwa mikono, hakuna lililonyauka. Kesho yake nikapita.

"Shikamoo, mama."

Cherehani ndiyo iliyojibu. Na ikawa hivyo miaka yote iliyobaki ya kazi yangu. Mimi nasalimu, yeye anashona. Shikamoo isiyojibiwa unaondoka nayo, unafika nayo nyumbani, unalala nayo. Sijutii kufukua, na leo ningefukua tena. Lakini iliniuma sana.

Nilipostaafu, Mkuu wa Idara alinikabidhi saa ya ukutani na maneno mazuri. Niliitundika chumbani, na ndiyo pekee inayopiga kelele humo. Nasikia siku hizi mna vyombo vya kupimia mteremko. Vitumieni. Ila mvua ikinyesha, tokeni pia.

Mimi bado natoka. Vuli hii mvua ilianza mchana, nikachukua pumba zangu nikaenda kwenye mtaa ule. Mizambarau imekuwa mikubwa, imeipaka barabara zambarau. Nilianzia juu, nikasafisha mdomo mmoja mmoja kwa mkono, hadi nikafika shimo la mwisho.

Mdomo wake ulikuwa safi. Majani na mifuko vilikuwa vimevutwa kando, vimerundikwa vizuri, na fagio lililolowa limeegemezwa ukutani. Mama Kabula alikuwa barazani, mzee sasa, bila cherehani, kanga yake imelowa hadi magotini. Nilirusha pumba zilizobaki. Zikaingia zote.

"Shikamoo, mama."

Alikamua pindo la kanga, akainua uso.

"Marahaba, baba. Leo umechelewa."

Nikabaki nimesimama pale kwenye mvua na mfuko wangu mtupu, nimesahau kabisa ni nini mtu husema baada ya marahaba.