Muhesi na Mabakuli Mawili ya Chumvi

Mume wangu anaitwa Yustasi Muhesi, na msije mkamwogopa kabla hamjamwona. Ni mkulima wa kahawa hapa Ihanda, mpole, hata mpini wa jembe ukilegea humwita fundi. Muhesi kwa Kinyambo ni mfua chuma. Aliyefua ni babu yake: majembe, mikuki, visu. Baba yake akarithi jina bila moto, na Yustasi akarithi jina pamoja na nyundo moja, donge la chuma lisilo na mpini, linalokaa nyuma ya mlango. "Jina tu hili, Mama Polikarpi," alikuwa akiniambia, maana Polikarpi ndiye mtoto wetu wa kwanza. "Ningeitwa Chui, ningekula mbuzi wa watu?" Halafu anacheka.

Jina tu! Watu hawakuona hivyo. Huku kwetu mtu akiibiwa asimjue mwizi, humwendea mtu wa ukoo wa wahunzi, naye hugonga nyundo juu ya jiwe na kumtakia mwizi balaa. Hata kama mhunzi huyo hajawahi kuwasha tanuru maishani mwake. Jina linatosha.

Sasa mwaka themanini na tatu chumvi ilipotea madukani. Tulikula maharage ya hivi hivi miezi miwili, na ulimi ulinitesa mimi kuliko wote nyumbani. Siku hiyo nikaenda kwa mfugaji mmoja, Mzee Nuwagaba, kuchukua maziwa. Hodi, hodi, hakuna mtu, na gunia la chumvi ya ng'ombe liko wazi mlangoni. Nikachota mabakuli mawili, nikayafunga kwenye kanga. Mawili tu! Gunia lenyewe lilikuwa limeshafika nusu. Waliochota mengine wajisemee.

Wiki ile ile Nuwagaba akaja kwetu na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na majirani nyuma yake. Yustasi alikataa. "Mzee wangu, mimi nalima kahawa."

"Muhesi akikataa kugonga," Nuwagaba akasema, "basi mwizi ni wa kwake."

Hapo Yustasi akapandwa na hasira. Akaitoa nyundo, akaigonga jiweni mara tatu, akasema: "Aliyechukua chumvi hii, tumbo limvimbe hadi aseme." Mimi nilikuwa nimeshika vikombe. Nilitaka kusema, nikamimina rubisi. Nani atangaze mbele ya kadamnasi kwamba mke wa Muhesi ni mwizi?

Mwezi uliofuata nikajua nina mimba. Nilikuwa nimeshazaa watatu, mimba naijua, lakini hii haikuwa na adabu. Mwezi wa nne tumbo likawa la miezi saba. Wanawake kisimani wakanitania, "Laurensia, umemeza boga zima?" Nacheka nao, nikifika kwenye migomba natua ndoo na kulishika tumbo. Mtoto mwenyewe alikuwa hachezi sawasawa. Nilibonyeza tumbo huku na huku nikimsihi ajitikise kidogo. Kama laana ile ilikuwa ya kweli, ilikuwa imemwangukia yeye, naye hakuiba hata punje.

Mwezi wa sita nikashindwa. Nilimfuata Yustasi alikokuwa akigeuza kahawa juani, nikamweleza yote. Nilijua atacheka. Jamani, nilikitaka kicheko kile kuliko dawa!

Hakucheka. Reki ilimponyoka. Akalitazama tumbo langu, akatazama mikono yake.

"Mama Polikarpi," akasema, "siku ile niligonga kwa moyo wote. Nilimchukia yule mwizi."

Nikakaa chini palepale juu ya kahawa. Kumbe hata yeye aliamini! Miaka yote ile alikuwa akicheka ili asiogope.

Tukaenda wawili kwa Nuwagaba. Nikapiga magoti, nikasema. Mzee akasema chumvi iliyoliwa imeliwa, na hatamwambia mtu. Yustasi akaiosha nyundo kwenye sufuria, maana ndivyo laana ya mhunzi inavyofutwa, nami nikayanywa maji yale, na ladha yake ya kutu, hadi tone la mwisho.

Uchungu ulinishika kabla ya siku zake. Yustasi alinipakia kwenye baiskeli hadi zahanati, mbali na kwetu. Kumbe walikuwa pacha. Wa kwanza alitoka akilia. Wa pili, wa kiume, hakulia. Nesi akasema pacha mara nyingine huwa hivyo, si kosa la mtu. Yustasi akamuuliza mara tatu, "Si kosa la mtu?" Naye akamjibu mara tatu. Tulimzika huko huko, tukarudi na binti yetu Immaculata, tukawaambia majirani alikuwa mmoja. Tuliiogopa midomo yao. Hata leo naiogopa.

Sasa Immaculata yuko darasa la tatu. Juzi tukiwa tunakula karibu na mafiga, alileta swali la mwalimu: kila mtoto aulize maana ya jina la ukoo wake.

"Baba, Muhesi ni nani?"

"Mtu anayefua majembe, mwanangu."

"Na wewe umewahi kugonga nyundo?"

Yustasi hajui kumdanganya mtoto yule.

"Mara moja," akasema.

"Ulifua nini?"

Yustasi akaweka sahani chini, machozi yakamtoka mbele ya mtoto. Nikamwambia Immaculata ni moshi.