Kicheko Nyuma ya Kamera

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, lakini wanafunzi walimhofia kuliko mwalimu wa nidhamu. Walimbatiza Fikiri Kwanza, maana kabla hajawaruhusu kuwasha mashine aliwauliza: "Ukitaka kusambaza jambo la mwenzako, unafanya nini?" Nao wakamwitikia kama kasuku, "Nafikiri kwanza!" Akaamini somo limeingia.

Siku moja msichana wa kidato cha pili alianguka kifafa kwenye foleni ya maji. Kabla hajapata fahamu, video ilishaenea shule nzima, imetiwa muziki wa kuchezea. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Msichana alirudi shuleni mara moja tu. Alipopita ukumbini, mtu akauimba ule muziki. Akageuka, akatoka getini, asionekane tena.

Mwalimu akapewa kazi ya kumtafuta aliyerekodi. Aliirudia video, roho ikimuuma, mpaka akakisikia kicheko cha mshika simu. Hakuwa na haja ya kuuliza. Kicheko kile alikilea mwenyewe, tangu hakijaota meno.

"Ni wewe?" alimuuliza bintiye jikoni.

"Mama, kila mtu alituma."

"Sijakuuliza habari za kila mtu."

Binti akainama. "Nilidhani ni utani tu."

Mume wa mwalimu akamsihi. "Mama watoto, tulimalize humu humu ndani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha."

"Na mwenzake je? Yake imeoshewa sokoni."

Kesho yake akampeleka binti kwa mkuu wa shule, mwenyewe. Binti akasimamishwa masomo muhula mzima. Mume akahamia sebuleni, na mama mkwe akaacha kupokea simu.

Kisha mama na mwana wakaenda kwa yule msichana. Mama yake, fundi cherehani, aliwapokea mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. Binti akapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu. Sasa ifute."

"Kwenye simu yangu nimeshaifuta."

"Dada yangu yuko ng'ambo, ilimfikia jana. Huko nako umeifuta?"

Sauti dhaifu ikauliza kutoka chumbani, "Mama, nani?"

"Wateja tu," fundi akajibu, akaufunga mlango taratibu.

Haukupita muda, familia ile ikahama. Mwalimu hakuwataka tena wanafunzi wamwitikie kwa pamoja. Alimwita mmoja mmoja mezani, akamuuliza alichofanya video ilipomfikia. Wengine walilia. Mmoja akakiri bado anayo.

"Lakini mwalimu, nikiifuta mimi peke yangu, itamsaidia nini?"

Mwalimu akavuta kiti karibu yake.

"Futa tu," akasema, akakaa palepale mpaka mwanafunzi alipofuta.