Shemeji alishinda mbio za punda kwa misumari, sasa nalazimishwa kusema sikuona

Admin, jina langu libaki kwako. Kijiji pia usikitaje, sema tu ni huku Ufipa, njia ya kwenda Namanyere. Nina miaka thelathini na mbili na watoto watatu. Mimi ni Mfipa, nimeolewa na Msukuma, tunalima mahindi na ulezi na kufuga. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea mnisamehe.

Kila baada ya mavuno kijijini kwetu kuna mbio za punda. Zamani zilikuwa fujo tupu. Watu walichapa punda kwa nyaya, na mwaka mmoja punda alianguka akafa palepale, watu wanashangilia! Ndipo tukakaa kikao tukaweka kanuni. Fimbo moja, nyembamba. Hakuna kumchoma punda kwa kitu chochote. Atakayevunja anaondolewa. Mimi nikachaguliwa kuwa mwamuzi.

Mwaka huu walibaki wawili mbele: shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na binti mmoja wa kijiji jirani. Yule binti amemfundisha punda wake tangu masika, akipiga mluzi tu anakuja. Ndiye aliyeongoza karibu njia nzima. Tunakaribia kumaliza, punda wa shemeji akaruka kama kaumwa na nyuki, akampita, akashinda. Zawadi ilikuwa plau mpya.

Watu walipokuwa wanampongeza shemeji, mimi nilimfuata punda. Huyo punda ni wetu, ndiye ananibebea maji kila siku. Nilipompapasa ubavuni mkono ulirudi na damu. Ana matundu mawili huku, mawili kule.

Nikamwambia shemeji, "Vua gambuti."

Akacheka. "Shemeji, acha utani, watu wanatuangalia."

"Nimesema vua!"

Akagoma. Nikainama nikamvuta mguu mmoja mwenyewe, gambuti likatoka. Kisiginoni kulikuwa na misumari miwili, imepigiliwa kutokea ndani, ncha zimenolewa. Nikaliinua juu kila mtu akaona.

Mnajua mwenyekiti wa mbio alisema nini? "Mama, hilo ni la familia, mkamalizane nyumbani." Familia gani? Yule binti ni wa familia yetu? Alikuwa amesimama palepale ameshika kamba ya punda wake, machozi yanamtoka, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo nimeshindwa?" Nikamjibu, "Hujashindwa." Nikasema plau haitoki mbele yangu. Wakaamua ikae ofisini, niandike ripoti, kikao kiamue Jumamosi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mama mkwe ameniambia, "Umemvua mwanangu viatu mbele za watu kama mwizi. Nenda ukaseme uliona vibaya." Lakini mume wangu ndiye aliyenimaliza. Nilimpeleka bandani akaone vidonda, akaangalia, akasema, "Kwani amekufa?" Halafu akaongeza, "Ukiandika hiyo ripoti, beba nguo zako urudi kwenu ukaolewe na kanuni zako."

Baba wa watoto wangu huyo! Kwenye kikao cha kuweka kanuni alikuwepo, na alinyoosha mkono.

Shemeji mwenyewe anapita uani anapiga soga, wala haendi kumtazama punda. Mimi ndiye ninayeosha vidonda kwa maji ya chumvi, na maji hayo nayabeba kichwani kwa sababu mnyama hawezi kuwekewa mzigo.

Ripoti nimeshaiandika, ukurasa mmoja, kila kitu nilichokiona. Bado sijaipeleka. Nikiipeleka napoteza ndoa, na watoto huku huwa wanabaki kwa baba yao. Nisipoipeleka, yule binti nitamtazama kwa macho gani tukikutana gulioni?

Nishaurini ndugu zangu, ninyi mngeipeleka? Ila tafadhali, asiniambie mtu nisamehe. Mpaka leo hakuna aliyeniomba msamaha.