Barua ya Kapya Iliyonywewa

Albertine alisoma kwa masista mpaka akaweza kuandika Kifaransa bila kutia doa hata moja kwenye daftari, lakini barua za baba yake mzazi hakuweza kuzisoma. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha. Baba yake, Antoine Kapya, alikuwa mkausha samaki kule Kilwa ya bara, ukingoni mwa ziwa Mweru. Utotoni alilelewa na wafanyabiashara waliotoka pwani, nao ndio waliomfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Samaki mkunje angali mbichi, na mapadri walipombatiza walimkuta ameshakauka. Jina la Antoine alilipokea, herufi zao akawaachia.

Binti yake aliolewa Élisabethville na Godefroid, fundi wa karakana ya reli. Wakaishi kwenye cité, mtaa wa Waafrika, pamoja na mama mkwe, Marie-Thérèse wa Kongolo, na mtoto wao aliyeitwa Mimi. Barua za Kapya zilifika na kamyo, malori ya samaki, mbili au tatu kwa mwaka, na Albertine alizipeleka kwa Asumani, fundi cherehani mzaliwa wa Kasongo. Msidhani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Waislamu wengine wa mtaani walijua kusoma Kurani, iliyotiwa alama zake zote za irabu juu na chini. Kapya hakutia alama hata moja. Sauti alimwachia msomaji azijaze mwenyewe. Na kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya p, hata jina lake aliliandika kwa b. Asumani peke yake ndiye aliyekuwa ameuzoea mkono wake. Alisoma kwanza kwa midomo, kimya, ndipo akatoa sauti.

Majirani walipoziona karatasi zile walidhani ni dawa. Kapya hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Kila aliyemwomba hirizi alimfukuza. "Ile ni herufi tu," alikuwa akisema. "Miye naandikaka bei ya samaki." Albertine alikua akiyasikia maneno hayo.

Mwaka 1947, mvua zikiwa zimekolea, ilifika barua wakati Asumani amekwenda kwao Kasongo kwenye matanga. Albertine akaiweka sandukuni, amngoje. Wiki mbili baadaye Mimi akashikwa na homa. Dispensari wakampa kinini, dawa ya malaria, akanywa, na siku ya tatu mtoto akawa hata kulia halii tena.

"Kwetu Kongolo," Marie-Thérèse akasema, "mutoto akichoma hivi, bangwana ba Kiislamu banaosha maandiko mu sahani, anakunywa. Weye uko na karatasi mu sanduku. Unangoja nini?"

"Mama, ile iko barua ya baba. Ni mambo ya samaki."

"Umeisoma?"

Albertine akafungua sanduku. Mkatoliki anamshauri Mkatoliki mwenzake anywe maandiko ya Waislamu, na maandiko yenyewe huenda ni salamu tu! Lakini aliyeuguliwa na mwana hana muda wa kuchambua dini. Akaitia karatasi kwenye sahani ya maji. Wino ule wa masizi na utomvu, ambao baba yake aliutengeneza kwa mikono yake, uliyeyuka mara moja. Akaisugua karatasi kwa kidole mpaka ikabaki nyeupe, akamnywesha mtoto maji yale. Kesho yake asubuhi Mimi aliomba uji. Kinini nacho kilikuwa tumboni, lakini nani aliwahi kukisifu kinini?

Albertine alifurahi, na aibu ikamjia nyuma ya furaha. Asumani aliporudi, Albertine hakumwambia kitu. Alijituliza kwamba barua za baba siku zote zilikuwa za samaki na mvua.

Kiangazi ikaja barua nyingine. Asumani akasimamisha cherehani, akaisoma kwa midomo, kisha akakawia kutoa sauti.

"Soma tu, baba Asumani."

Akasoma: "Bismillahi. Kwa binti yangu Albertine. Katika barua ya kwanza nilikueleza kwamba macho yananishinda na mikono haiwezi tena chumvi, nikakuuliza kama nyumbani kwako kuna pahali pa kulala muzee. Umenyamaza. Kunyamaza nako ni jibu. Sina kisirani na weye. Nitabaki hapa. Salimia mutoto."

Albertine alikaa chini, pale pale kwenye vipande vya kitambaa. Alilia bila kujificha, kisha akaeleza yote: homa, sahani, karatasi nyeupe. Asumani hakucheka wala hakumkaripia.

"Tuandike barua ilipotea njiani," akasema. "Barabara ya Kilwa, ubaya wake kila mutu anaujua."

"Hapana. Sitamudanganya tena juu ya ile. Andika: Baba, kuya kwangu. Kitanda iko. Barua ya kwanza sikuisoma, na sababu nitakuambia nikikuona na macho."

Barua ikaondoka na kamyo. Wiki sita Albertine alikuwa akienda sokoni kuwauliza madereva wa samaki, na wiki sita walitikisa vichwa. Godefroid alimpa pole. Mama mkwe alisali rozari, na safari hii hakutoa ushauri. Albertine alijiona amemfukuza baba yake mlangoni, tena bila kufungua kinywa.

Jumapili moja, wakitoka misa, walimkuta mzee ameketi juu ya mkeka wake uliokunjwa, mbele ya nyumba, anamsikiliza Mimi aliyekuwa ametangulia mbio. Albertine alipiga magoti kumsalimu, na kabla hajainuka akasema, maana angeinuka asingeweza:

"Baba, barua yako tuliinywa. Mutoto alikuwa anakufa. Nilikuwa najua ulivyotukatazaka, na nikaiosha."

Marie-Thérèse alitazama pembeni. Mzee akampapasa mjukuu usoni, kwenye paji, kwenye shavu, taratibu, kwa vidole vilivyoliwa na chumvi.

"Ni huyu alikunywa?"

"Ni yeye."

"Yote?"

"Nusu alitema, baba."

"Basi ile nusu alimeza ilinitangulia kuingia mu nyumba," Kapya akasema. Akanyoosha mkono, na Mimi akamshika akamwongoza ndani.