Vijiti Viko kwa Makongoro

Abednego alifariki alfajiri. Jua lilipopanda, waliokuwa uani kwake hawakutosha hata kubeba jeneza. Mjane wake, Nyamburi, alikuwa akitazama njia inayotoka upande wa pili wa kijiji. Hakuna aliyekuja. Ardhi ya kwetu Bukima ni mawe, kaburi halichimbwi na ukoo mmoja, na mchungaji alikuwa anafika alasiri kuzika.

Kijiji chetu kina ngoma moja ya msiba. Ngoma hukaa kwa ukoo wa Abednego, vijiti vya kuipigia hukaa kwa ukoo wa Makongoro. Wazee waligawa hivyo makusudi, asiwepo mtu wa kutangaza kifo peke yake. Isipolia, watu hawatoki na majembe. Na haikuwa imelia tangu nyavu za dagaa zikatwe ziwani, koo hizo mbili zikituhumiana. Wenzangu niliosoma nao chuo huita haya maonyesho ya watalii. Waje basi waone nyumba yenye maiti isiyo na wachimbaji.

"Mama, tukate vijiti vingine," alisema binti wa Nyamburi, Flora. "Mti ni mti."

"Nikipigia vya kwetu watakuja wa kwetu. Si hawa hapa?"

Kwa mila yetu mjane hatoki uani kabla ya maziko. Nyamburi alijitwika ngoma akatoka. Flora alimfuata akilia, akimvuta khanga. Kwenye nyua walizopita hakuna aliyempa pole.

Makongoro alikuwa akishona wavu mbele ya nyumba yake.

"Shemeji, leo ngoma imeota miguu," alisema bila kuinua macho.

"Mwenzako amelala."

"Nimesikia. Sikuitwa."

"Ningekuita na nini? Vijiti unavyo wewe."

"Na nyavu zangu?"

"Sikuja na nyavu." Alitua ngoma chini. "Tulikuwaga tunakula pamoja hapa, Makongoro. Nitamzika na nani?"

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nyamburi alibaki amesimama juani. Aliwaza maiti nyumbani, aliwaza mchungaji aliye njiani. Flora alimnong'oneza waondoke. Hakusogea.

Mlango ulipofunguka, Makongoro alikuwa na vijiti vyote viwili. Alimpa kimoja.

"Hiki nabaki nacho. Sijasamehe."

Wakapiga hapohapo uani kwake, yeye kwa nguvu, Nyamburi akichelewa nyuma yake. Mapigo yalichechemea, hata watu njiani wakasimama wasielewe wanachosikia. Nyamburi aliogopa kuacha. Aliona wakiacha tu, mzee atarudi ndani.

Jirani wa Makongoro, Bernado, alitokeza kwenye ua ameshika sururu.

"Nani?" aliuliza.

"Abednego," alijibu Makongoro, akaendelea kupiga.